Kumkumbuka Ami Yetu



Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake Muhammad, s.a.w., twawaarifu wasomaji wetu kwamba mwezi uliopita tulimzika mzee ambaye watu wa mtaa wetu, wakubwa kwa wadogo, walimwita Ami. Jamaa zake wametuomba tusimtaje jina, kwa kuwa yeye mwenyewe hakupenda kutajwa, nasi tumeliheshimu ombi lao. Waliomjua watamjua. Wasiomjua hawatapungukiwa na kitu, kwani tunalotaka kulieleza si nasaba yake bali namna alivyoishi na watu wa nyumbani mwake.

Babake aliiandika tarehe ya kuzaliwa kwake kwa hati za Kiarabu ndani ya jalada la msahafu: mwaka 1341 wa Hijra, mwaka ulioanza Agosti 1922 kwa hesabu ya Miladia. Alifariki mwaka 1440. Kwa hesabu ya mwezi, basi, alifariki akiwa na miaka 99. Kwa hesabu ya kitambulisho alikuwa na 96, na alipenda kuwatania wajukuu zake kwamba Wazungu walimwibia miaka mitatu na bado hawajairudisha.

Mzaha huo ulikuwa na mzizi wake. Ami alikuwa askari wa vita vya pili vya dunia. Aliingia jeshini mwaka 1942, akafundishwa kuendesha lori, na dereva akabaki mpaka alipostaafu kazi bandarini Kilindini. Hakuingia peke yake. Aliingia na sahibu yake aliyesoma naye chuo kimoja tangu wakiwa watoto wa alifu na bee, nyumba zao zimetazamana, mmoja akipigwa bakora na maalimu mwenzake hulia. Jeshini wakatenganishwa. Ami alipelekwa kwa madereva, na sahibu yake akawekwa katika kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki.

Mwanzoni mwa Februari 1944 meli tano zilizobeba askari zilitoka Kilindini kwa pamoja, zikielekea Colombo. Sahibu alikuwa ndani ya meli iitwayo Khedive Ismail, naye Ami alikuwa katika mojawapo ya nyingine nne. Jumamosi ya tarehe 12, baada ya adhuhuri, wakiwa karibu na visiwa vya Maldivi, nyambizi ya Kijapani iliipiga Khedive Ismail kwa topido. Ilizama kwa dakika chache tu. Walikufa watu 1,297, wengi wao wakiwa askari wa mizinga kutoka huku kwetu, na miongoni mwa waliokufa walikuwamo wanawake 77, wengi wao wauguzi. Waliowahi kujirusha majini hawakusalimika wote. Nyambizi ilikuwa chini yao, na manowari ya Kiingereza iitwayo Petard ilitupa mabomu yake ya kina papo hapo walipokuwa wakielea, ili iipate. Meli nyingine ziliamriwa zitawanyike zisije zikapigwa nazo. Ami alisimama sitahani akitazama moshi ukipungua nyuma yake, wala hakuna aliyemuuliza kama anataka kurudi.

Sehemu hiyo alitueleza mara moja tu, nasi tulikuwa tumeshafuga ndevu. Ya Burma aliyasema kwa wepesi zaidi: bonde la Kabaw katika mvua za mwaka 1944, matope yanayofika kwenye ekseli, malaria, na vidonge vya kuizuia vilivyowageuza ngozi ikawa ya manjano kama ndizi mbivu. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki iliteremka bonde lile mpaka Kalewa, na mwezi wa Disemba likajengwa daraja juu ya mto Chindwin. Ami alivuka daraja lile na lori lake, na kila tulipopita pamoja katika kivuko cha Likoni alilitaja. Kuhusu malipo hakupenda kusema sana. Yajulikana kuwa askari Mwafrika alipewa kidogo kuliko Mzungu wa cheo kile kile, na bahashishi ya kumaliza vita ilikuwa hivyo hivyo. Nishani yake waliichezea watoto mpaka utepe ukakatika.

Aliporudi mwaka 1946 hakuanza nyumbani kwao. Alivuka njia, akabisha hodi nyumba ya pili.

Mama wa sahibu yake alikuwa mjane, na huyo ndiye aliyekuwa mwanawe wa pekee. Alikuwa ameambiwa kwamba mwanawe amepotea baharini. Yeye alilishika neno hilo "amepotea" kwa mikono miwili. Aliyepotea huonekana. Alimwambia Ami: "Mwanangu, wewe umerudi, naye atarudi. Asije mtu akamsalia mwanangu sala ya maiti naye yu hai." Ami, aliyeiona meli ikizama kwa macho yake, alimjibu: "Vyema, mama." Tangu siku ile akawa akimletea chakula, na kodi ya nyumba ya bibi yule akailipa yeye.

Mwaka 1948 Ami alitaka kuoa. Kabla ya posa kupelekwa, alimtuma shangazi yake aende akamweleze binti jambo moja waziwazi: kwamba akiolewa naye atakuta wakwe wawili wa kike, mmoja aliyemzaa mumewe na mmoja asiyemzaa, na wote wawili watakaa nyumbani. Hilo lasikika dogo likisemwa haraka. Binti alikuwa na miaka isiyozidi kumi na minane. Jibu lake lilikuwa kwamba mkwe asiyemzaa mumewe huenda akawa ndiye mwepesi zaidi. Bibi zetu walilikariri jibu hilo harusini miaka mingi baadaye.

Sisi tulimdiriki yule bibi. Alifariki mwaka 1971, nasi tulikuwa watoto wadogo. Twamkumbuka akikaa barazani kila alasiri amejifunika leso, na kila kijana mgeni aliyepita njiani alimwita amtazame uso. Hakuna aliyemcheka. Mke wa Ami ndiye aliyemwogesha uzeeni, akampikia uji na kumsoma Yasini alipokuwa katika sakarati. Na kabla hajafa, bibi alimshika mkono akamtaka amuahidi kwamba katika nyumba ile mwanawe hatasaliwa. Akaahidi. Kisharia ahadi ya namna hiyo haimzuii yeyote kumsalia maiti, kwani haki ya maiti haiondolewi na huzuni ya mamake. Ami alilijua hilo. Lakini mkewe alikuwa ametoa neno, naye hakutaka kulivunja neno la mkewe ndani ya nyumba yake. Alinyamaza.

Walipata watoto sita, wanawake wanne na wanaume wawili. Tusiseme mengi juu ya malezi yao, maana wenyewe wapo na wanasoma gazeti hili, na kila mmoja ana lake la kusimulia. La kutaja ni kwamba Ami hakuwahi kula kabla ya mkewe kukaa kitini. Watoto walilalamika kwa njaa, naye aliwaambia dereva haondoki kabla tanboi hajapanda. Nyumba yao ya makuti, baadaye ya mabati, ilijengwa juu ya ardhi ya mwenyewe, kama nyumba nyingi za Majengo, na kila mwezi alikwenda kulipa kodi ya ardhi kwa miguu, akaitia risiti ndani ya mkebe. Mkebe huo tutaurudia.

Mwaka 1999 mkewe alipatwa na kiharusi. Upande wa kulia ukafa, na ulimi ukawa mzito. Ami alikuwa na miaka sabini na zaidi. Mabinti walikuja wakataka kumchukua mama yao, kila mmoja kwake, na wana wa kiume wakataka kuajiri mtu. Ami alikataa yote mawili kwa upole. Aliwaambia waje kumsaidia mchana, lakini usiku ni wake.

Miaka saba. Twaomba wasomaji wetu waume, wanaolisoma gazeti hili likiwa limesahauliwa na wake zao mezani, watulie hapa kidogo. Kila saa mbili za usiku unaolala, mzee yule aliamka kumgeuza mkewe ubavu, asipate vidonda vya mgongo. Alimlisha uji wa mtama kwa kijiko kidogo, akisubiri ameze ndipo atie kingine. Alijifunza kusuka. Mwanzoni mistari ilikuwa kombo kama njia za Kabaw, na mjukuu mmoja alifukuzwa chumbani kwa kucheka; mwishoni alikuwa akisuka vyema kuliko baadhi ya wakwe zake. Kila Alhamisi jioni alikwenda Marikiti kununua kikuba cha asumini, akakiweka mtoni upande wa kushoto, kwa kuwa upande wa kulia mkewe hakuweza kugeuka kukinusa.

Bibi Aisha, r.a., alipoulizwa alichokuwa akifanya Mtume, s.a.w., nyumbani kwake, alieleza kwamba alikuwa katika kuwatumikia ahali zake, na wakati wa sala ukifika akatoka kwenda kusali. Tumelifundisha hilo darasani mara nyingi. Kuliona ni jambo jingine.

Na lipo la sala. Wasomaji wetu wanajua kwamba katika madhehebu yetu ya Imam Shafi, mume na mke wakigusana ngozi kwa ngozi udhu wa wote wawili huvunjika. Sasa mke hawezi kutawadha kwa mkono wake, na mwenye kumtawadhisha ni mumewe. Ami alitujia kuuliza tangu mwezi wa kwanza. Tulimwambia afunge kitambaa mkononi, kiwe kizuizi. Alikwenda kwa fundi akashonewa mifuko miwili ya kitambaa cheupe, ya kuvaa mkononi mpaka kifundoni, mmoja ukifuliwa mwingine unatumika. Mara tano kwa siku, kwa miaka saba, alivaa mfuko ule akamtawadhisha mkewe, kisha akamwelekeza kibla naye akasali kwa ishara ya macho. Hesabu hiyo hatutaifanya. Mwenye kuhesabu yupo.

Mkewe alifariki mwaka 2006, alfajiri. Waosha maiti walipofika, na maji yameshatiwa mkunazi na kafuri imeshasagwa, Ami alisimama mlangoni akasema kwamba atamwosha yeye.

Nyumba ikaingia kishindo. Baadhi ya wanawake walisema kwamba mauti yamekata ndoa na kwamba sasa ni mwanamume ajinabi kwake. Wengine walisema si ada. Mmoja alisema kwa sauti kwamba mzee amechanganyikiwa kwa majonzi, atolewe apumzike. Tuliitwa sisi. Tulikuta watu wamejaa hadi uani, na mzee amekaa juu ya kigoda mlangoni pa chumba, mfuko mweupe uko mkononi tayari.

Tulieleza tuliyoyajua, nasi twayarudia hapa kwa kuwa tangu siku ile tumeulizwa tena na tena. Kwa Imam Shafi, mume aruhusiwa kumwosha mkewe, na mke aruhusiwa kumwosha mumewe. Sayyidna Ali, r.a., alimwosha Bibi Fatima, r.a., na Asma binti Umays alikuwapo akisaidia. Asma huyo huyo ndiye aliyemwosha mumewe Sayyidna Abubakar, r.a. Wenzetu wa madhehebu ya Imam Abu Hanifa ndio wanaomkataza mume, na huenda neno lile la ndoa kukatika lilipita kwa jirani zetu wa madhehebu hayo, nao wana hoja zao. Lakini Ami hakupata njia nyepesi kwa jibu letu, kwani tulimwongezea la pili: kwa kauli iliyo sahihi zaidi kwetu, wanawake wa ukoo wa maiti hutangulia kuliko mume. Kumwosha kwake kwafaa, lakini haki ya kwanza ni ya binti zake. Wao wakiitaka, akae nje.

Mabinti wanne wakatazamana. Twakumbuka kwamba mkubwa wao ndiye aliyekuwa mkali zaidi. Alikuwa amekuja na leso yake ya kujifunga na alikuwa amemsubiri mama yake miaka saba. Alisema, "Baba, na sisi je? Ulitunyima usiku wote, na hili nalo utunyime?" Hakuna aliyejibu, wala sisi hatukuwa na la kitabuni la kumwambia, maana alikuwa na haki yake. Ami alimtazama, kisha akauvua mfuko, akamnyooshea. Akamwambia: "Chukua, mwanangu. Ni wako."

Binti aliushika. Alikaa nao kitambo. Ulikuwa umechakaa katikati ya kiganja, ukaonyesha mwanga. Kisha akamvisha babake mwenyewe, akafunga kamba kifundoni, akamwambia: "Utaosha wewe, mimi nitamwaga maji." Ndivyo ilivyokuwa. Tulipotaka kumkumbusha Ami kwamba sharia yataka mume afunge kitambaa mkononi asiuguse mwili, alituinulia mkono tu, nasi tukajiona tunamfundisha samaki kuogelea.

Siku ya saba baada ya maziko alitujia msikitini, akakaa, akatuuliza kuhusu sahibu yake. Alisema kwamba aliyeahidi amekwenda, na ahadi imekwenda naye. Miaka 62 imepita. Je, rafiki yake aweza kusaliwa sala ya ghaibu? Na wako waliomwambia kwamba aliyezama ni shahidi, na shahidi hasaliwi.

Tulimjibu kwamba shahidi asiyeoshwa wala kusaliwa ni yule aliyeuawa katika vita vya dini. Aliyezama ahesabiwa shahidi huko akhera, na Mola ndiye aijuaye nia yake, lakini hapa duniani hukumu yake ni ya maiti mwingine yeyote: haki yake ya kusaliwa ipo. Na sala ya ghaibu kwetu yafaa. Ila ina sharti moja ambalo wengi hawalijui: husihi kwa yule aliyekuwa, siku maiti alipofariki, ni katika watu waliolazimiwa na sala hiyo. Yaani awe alikuwa hai wakati huo, Mwislamu, amebaleghe, na ana akili zake.

Ami alifikiri, kisha akatuuliza: "Basi wewe Maalimu huwezi kumsalia?" Tukamwambia hatuwezi. Tulikuwa hatujazaliwa. "Na imamu wetu?" Naye pia.

Tukaanza kutafuta. Alitakikana mtu aliyekuwa baleghe katika Mfungo Tano wa mwaka 1363. Tulipita misikiti ya jirani tukiuliza wazee umri wao, na wazee kwa jambo hili si wa kuaminika, kila mmoja adai ameiona reli ikijengwa. Tukawapata wawili waliothibiti: mmoja aliyekuwa mvuvi, haoni tena, na mmoja fundi seremala. Mke wa Ami angekuwa wa nne, kwani mwaka ule alikuwa ameshavunja ungo.

Usiku wa Ijumaa, baada ya isha, msikiti ulijaa. Sote tuliosali isha safu kwa safu tulirudi nyuma, imamu miongoni mwetu, na wazee watatu wakasimama mbele. Yule mvuvi alishikwa mkono akaelekezwa kibla. Ami, ambaye maisha yake yote hakuwahi kuwa imamu hata wa watoto wake, ndiye aliyesalisha. Alipiga takbira nne kwa sauti ya dereva anayeita abiria, na kabla ya takbira ya kwanza alilitaja jina la sahibu yake na jina la babake. Pale nyuma tulikuwa watu zaidi ya mia, na hakuna aliyeruhusiwa kufanya lolote ila kutazama.

Aliishi miaka kumi na mitatu baada ya hapo, macho yake mazuri, masikio yake si mazuri. Kila Alhamisi aliendelea kwenda Marikiti, na kikuba akampa binti yeyote aliyekuwa amekuja siku hiyo. Mwezi uliopita aliugua siku nne. Wanawe wawili walimwosha, na safari hii mtu wa kubishana hakuwapo.

Katika ule mkebe wa risiti, jamaa wamekuta karatasi ya wasia. Si zaidi ya mistari sita. Ametaja madeni mawili, yote ya dukani, na yamelipwa kabla ya urithi kugawanywa, kama ipasavyo. Ametaka sehemu ya thuluthi yake itumike kuwashonea mifuko ya kitambaa wanaouguza wagonjwa wao majumbani, na fundi ameshapewa kazi; mwenye haja afike nyumbani kwa marehemu. Khitma itasomwa Alhamisi ijayo baada ya alasiri, wanawake ndani na wanaume barazani. Na wanawe wanaomba: aliyekuwa akimdai marehemu kitu ambacho hakukiandika, ajitokeze.